Maji ya paa letu yanakwenda kwa nani?

Tunaanza na kosa letu wenyewe.

Parokia yetu, hapa Bukavu, ilijenga nyumba ya mchungaji juu ya mteremko. Tulijivunia nyumba hiyo. Ilikuwa na mabati mapya, paneli mbili za jua, na taa ambazo ziliwaka hata siku ambazo kartye nzima ilikuwa gizani. Wageni walituambia: hii ndiyo nyumba ya kisasa, nyumba inayoheshimu mazingira. Mvua za Septemba zilipoanza, mama mmoja mjane, mshiriki wetu anayeishi chini ya kiwanja cha kanisa, alipanda kwetu siku ya Jumatatu asubuhi. Hakupiga kelele. Alisema tu: "Baba pasta, maji ya nyumba yenu inakula ukuta yangu."

Tulishuka naye kuangalia. Maji yote ya upande wa chini wa paa yalikuwa yanaanguka mahali pamoja. Yalikuwa yamechimba mtaro, na mtaro ule ulikwenda moja kwa moja mpaka ukuta wa chumba ambamo wajukuu wake wanalala. Fundi alikuwa ametuambia mapema kwamba paa linahitaji mifereji. Tulimjibu kwamba pesa imekwisha. Ukweli ni kwamba pesa ilikuwepo, lakini tulikuwa tumeitumia kwa paneli za jua.

Tunasimulia jambo hili kwa sababu linahusu habari kubwa zaidi ya parokia moja. Katika miji yetu ya mashariki, watu wanaotafuta nyumba zinazoheshimu mazingira wanaongezeka. Ni habari njema, na tunaifurahia. Lakini kuna swali ambalo wanunuzi, wajenzi na makanisa hatuliulizi vya kutosha: nyumba hii nzuri inamtwika nani mzigo wake?

Watu wanatafuta nini leo

Zamani komisioneri wa Goma au wa Bukavu, akikupeleka kuona nyumba, alikuhesabia vyumba, akakuonyesha simenti ya chini, akakuambia kama gari linafika mlangoni. Leo anaongeza mambo mengine: kuna paneli, kuna tangi la maji ya mvua, kuna miti, na zaidi ya yote, "parsele hii haiko katika erozio". Vijana wanaojitayarisha kwa ndoa wanatuuliza habari za mambo hayo. Ndugu zetu walio ng'ambo, wanaotuma pesa ili wazazi wajengewe, wanayauliza pia.

Sababu si fasheni peke yake. Umeme unakatika. Bomba linakaa siku nyingi bila maji, na watoto wanabeba bidoni tangu alfajiri. Gunia la makala linazidi kula mshahara wa nyumba. Na kila msimu wa mvua tunazika watu waliofunikwa na udongo. Hatujasahau tarehe 4 Mei 2023 katika Kalehe, ambapo maji na mawe vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi na kuua zaidi ya watu 400. Hatujasahau Aprili 2020 katika Uvira, mto Mulongwe ulipofurika. Mtu aliyeona mambo hayo akitafuta nyumba, anauliza habari za mlima, maji na miti kabla ya kuuliza rangi ya ukuta.

Kwa hiyo mahitaji haya yamezaliwa na mateso. Tuyaheshimu. Lakini tuyapime pia, kwa sababu soko linajua kuuza alama inayoonekana na kuficha kazi isiyoonekana.

Jua juu ya paa, makala nyuma ya nyumba

Tuanze na paneli, kwa sababu ndiyo alama ya kwanza. Paneli moja ya wati 100, katika siku ya jua zuri, inaweza kutupatia kama wati-saa 400. Hizo zinatosha taa za familia, simu na redio, na ni baraka kubwa: mtoto anasoma bila koroboi, mama anayejifungua usiku anaonekana. Lakini jiko la umeme la wati 1,000 lingemaliza nguvu hiyo yote kwa dakika 24. Maharagi hayajaanza hata kulainika. Ndiyo maana nyumba nyingi zenye paneli juu ya paa zina mbabula nyuma ya nyumba, kama nyumba nyingine zote.

Na ni mbabula inayokula msitu. Katika tanuru ya udongo ya kienyeji, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 mpaka 20 tu za makala. Makala mengi yanayopikia Goma yametoka katika mbuga ya Virunga, ambayo ililindwa tangu 1925. Walinzi wa mbuga wamekufa, na wakaaji wa pembeni wamekufa pia, kwa sababu ya biashara hiyo. Hatuwezi kusema nyumba inaheshimu mazingira kwa kuangalia paa lake bila kuingia jikoni kwake.

Tena jikoni ndimo mama na watoto wanavuta moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa iliyochafuliwa ndani ya nyumba kwa sababu ya kupika iliua watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Makala hayatoi moshi mwingi kama kuni, lakini yanatoa gesi isiyo na harufu inayoua. Kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyoingiza mbabula chumbani ili ipate joto, na asubuhi haikuamka.

Basi tukiwa na pesa kidogo, tuzigawe kwa haki. Mbabula iliyoboreshwa yenye udongo ndani, inayobakiza joto, inapunguza makala kwa kiasi ambacho mama anakiona kwenye gunia lake. Jiko lenye dirisha mbili zinazotazamana na tundu la moshi juu halihitaji fundi wa kutoka mbali. Pale ambapo umeme wa maji umefika, kama ule wa kituo cha Matebe katika Rutshuru kilichozinduliwa Desemba 2015 na kupeleka umeme mpaka Goma, sufuria ya umeme inayofungwa vizuri hupika maharagi kwa umeme kidogo kuliko jiko la wazi. Mambo hayo hayaonekani kutoka barabarani. Komisioneri hatayataja. Lakini ndiyo yanayopunguza mti unaokatwa na kikohozi cha mtoto.

Mvua ya paa moja

Sasa tuje kwenye maji, ambapo parokia yetu ilikosea. Hesabu ni rahisi, na tunaomba vijana wa shule waifanye kwa nyumba zao. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ya paa ni lita 1. Paa la mita mraba 60, kwa mvua moja ya milimita 20, linapokea lita 1,200. Hizo ni bidoni 60 za lita 20. Hata tukipoteza sehemu kwa kumwagika, bado ni maji ya familia ya siku nyingi.

Lakini hesabu ile ile ina upande wa pili. Kama hakuna mfereji wala tangi, bidoni hizo 60 zinamwagwa kwa saa moja kwenye ardhi ya jirani aliye chini. Fikirini nyumba 50 kwenye mlima mmoja wa Kadutu, zote na mabati, zote bila mifereji: ni lita 60,000 zinazoshuka pamoja. Mlima uliokuwa na majani na miti ulikuwa unakunywa sehemu ya maji hayo. Sasa umefunikwa na mabati na simenti, na mtaro ni mmoja. Funu na Nyakaliba zinajua mwisho wa hesabu hiyo.

Kwa hiyo tangi la maji ni msaada kwa mwenye nyumba, na pia ni ulinzi wa jirani. Na kwa sababu tangi hujaa, kazi haimaliziki kwenye tangi. Lazima maji yanayozidi yawe na njia: mtaro wa mawe unaofika kwenye mtaro mkubwa, au shimo lenye mawe mahali ambapo ardhi ni ya tambarare. Katika mteremko mkali, shimo la kumeza maji ni hatari, maana linalowanisha mlima kutoka ndani. Hapo majirani wanapaswa kukubaliana kuhusu mtaro mmoja, kutoka juu mpaka chini. Mtu mmoja hawezi kuwa na nyumba inayoheshimu mazingira peke yake juu ya mlima. Ama avenyi nzima, ama hakuna.

Ndugu wa Goma wana hali yao. Kule ardhi ni lava, na maji ya mvua ya paa ni msaada mkubwa kwa sababu visima havichimbiki kwa urahisi. Lakini volkano inapotoa moshi na majivu, maji ya kwanza yanayoosha bati hayafai kunywa. Mfereji wenye njia ya kuyaachilia maji ya kwanza ni kitu kidogo, na kinalinda tumbo na meno ya watoto.

Kuna jambo lingine la maji ambalo Bukavu tunalijua. Takataka tunazotupa katika mitaro hushuka mpaka Ziwa Kivu. Kutoka ziwani hufuata mkondo wa Ruzizi, na hapo hufika kwenye bwawa la Ruzizi I na kuziba mitambo inayotoa umeme. Mitambo ikizibwa, umeme unapungua. Umeme ukipungua, tunawasha makala. Mfuko wa plastiki uliotupwa katika mtaro wa kartye unarudi kwetu kama giza, na giza linarudi msituni kama shoka.

Ukuta wa nini?

Watu wanatuuliza pia: nyumba inayoheshimu mazingira ijengwe kwa kitu gani? Jibu linategemea mji, na tunaonya dhidi ya mtu anayeuza jibu moja kwa miji yote.

Simenti hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa katika moto wa nyuzi karibu 1,450, na kazi hiyo inatoa takriban asilimia 8 ya gesi ya kaboni inayotokana na shughuli za watu duniani. Matofali ya kuchoma hayana lawama hiyo kubwa, lakini tanuru zake zinakula mikaratusi kwa magari mazima. Kuna njia ya tatu ambayo inafaa Butembo, Bunia, na sehemu nyingi za Bukavu: tofali la udongo la kushindiliwa kwa mashine. Mashine ya mkono ya kazi hiyo ilibuniwa Colombia katika miaka ya 1950 na mhandisi Raúl Ramírez, na leo mafundi wa nchi nyingi wanatumia za namna hiyo. Unachukua udongo wa chini, si ule mweusi wa shamba, unauchanganya na mchanga kama unahitajika na simenti ya asilimia 5 mpaka 8, unashindilia, halafu unaacha matofali kivulini ukiyalowanisha kwa wiki 3 au 4. Hakuna tanuru. Hakuna mti uliokatwa kwa kuchoma. Kwa sharti moja: udongo usichimbwe kwenye mguu wa mlima ambao nyumba za wengine zimesimama juu yake. Tofali la namna hiyo lingekuwa limetoka chini ya miguu ya jirani.

Goma hakuna udongo wa namna hiyo. Kuna mawe ya lava kwa msingi, na kuna mbao. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, na watu walirudi kujenga juu ya lava iliyopoa. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena na kusimama kule Buhene, si mbali na uwanja wa ndege. Nyumba ya mbao ni nyepesi, inaweza kubomolewa na kuhamishwa, na katika tetemeko haimwangukii mtu kwa uzito wa tofali. Watu wasiidharau kama nyumba ya maskini. Udhaifu wake ni moto: nyumba za mbao zikibanana bila nafasi, koroboi moja inaunguza avenyi. Tumeona hilo Goma, tumeliona Kadutu.

Na upande wa magharibi wa Goma kuna mazuku, ile gesi nzito inayotoka ardhini na kulala katika mabonde. Parsele ya bondeni inaweza kuwa na bei nzuri na miti mizuri, na bado ikaua mbuzi na mtoto. Wazee wa mahali wanajua mabonde hayo. Kabla ya kulipa, waulizeni.

Tusisahau pia matetemeko. Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilitikisika Bukavu na upande wa pili wa Ruzizi, nchini Rwanda. Kuta ziliwaangukia watu, wengine wakiwa kanisani. Ukuta wa tofali, liwe la kuchoma au la kushindiliwa, unahitaji mkanda wa beto na vyuma juu yake. Mwenye kujenga asiokoe miti kwa kuhatarisha watu.

Ni nani anayeishi chini?

Hapa ndipo jambo linapokuwa gumu. Parsele salama, zenye miti na ardhi ya tambarare, zinapopendwa na wenye pesa, bei yake inapanda. Anayeshindwa bei anakwenda kwenye mteremko, pembeni ya mtaro, au bondeni. Hivyo tamaa njema ya nyumba safi inaweza kumsukuma maskini kwenye mahali pabaya zaidi, na mahali hapo mara nyingi ndipo maji ya nyumba safi yanaposhukia.

Mpangaji naye yuko wapi? Mwenye nyumba anaweka paneli, anaongeza kodi. Anaweka tangi, anaongeza kodi tena, halafu anafunga tangi kwa kufuli. Mpangaji wa chumba kimoja hana ruhusa ya kuweka mfereji, na akiuweka kwa pesa yake atauacha siku atakapotolewa. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi 3. Tunajua washiriki wetu wanaodaiwa miezi 6 na zaidi, na tunajua kwamba baadhi ya wanaodai hivyo wanaketi nao kwenye benchi moja la kanisa. Mtu anayelipa garanti ya namna hiyo hana pesa iliyobaki ya kununua hata mbabula bora.

Sheria yetu ya ardhi, ile ya tarehe 20 Julai 1973, inasema ardhi ni mali ya Serikali na sisi tunapewa haki ya kuitumia. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, kilikuwa kimeshasema neno la ndani zaidi: ardhi ni ya Mungu, na sisi tuko juu yake kama wageni na wapangaji wake. Mwenye nyumba Mkristo ni mpangaji pia. Akikumbuka hilo, ataongea na mpangaji wake kwa namna nyingine.

Sheria ya ukingo wa paa

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, kuna amri ambayo mara nyingi tunairuka tukisoma. Mungu anamwagiza Mwisraeli anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa lake, ili mtu asije akaanguka kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mapaa ya Israeli yalikuwa tambarare; watu walikaa huko jioni, walianika mazao, walilala. Paa bila ukingo lilikuwa halali kwa macho ya fundi, na bado Mungu alilihesabu kuwa hatia.

Angalieni mambo matatu katika amri hiyo. Kwanza, iliwahusu wanaojenga nyumba mpya, wakati pesa inahesabiwa na kila mtu anatafuta kitu cha kupunguza. Mungu anaingia katika hesabu hiyo na kusema: ukingo usiupunguze. Pili, ukingo hauongezi uzuri wa mwenye nyumba. Unamlinda mtu mwingine, labda mgeni, labda mtoto wa jirani. Tatu, Mungu hakungoja mtu aanguke. Hatia inaanza siku ambapo uliweza kuona hatari ukaiacha.

Sisi hatuna mapaa ya kukaa. Ukingo wetu ni mfereji wa paa, mtaro wa mawe, mkanda wa beto, nafasi kati ya nyumba za mbao, dirisha la jiko. Tunapouliza kama nyumba inapendeza uumbaji wa Mungu, tuanze hapo. Paneli za jua zije, na zije kwa wingi, lakini ukingo utangulie.

"Lakini sasa ni wakati wa vita"

Tunawasikia wanaosema: mwishoni mwa Januari 2025 vita iliingia Goma, Februari ikafika Bukavu, watu wamepoteza nyumba, wengine wamepoteza wapendwa, je, ndiyo saa ya kuzungumza mifereji? Hatulidharau neno hilo. Kuna familia katika parokia zetu ambazo zingeshukuru kupata hema tu, na kwa hao wajibu wetu wa kwanza ni mkate na mahali pa kulala.

Lakini nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia watu waliohamishwa kwa nguvu mpaka Babeli. Hawakujua watarudi lini, na mtawala hakuwa wa kuchagua kwao. Aliwaambia wajenge nyumba, wakae humo, wapande bustani, wautafutie mji ule amani. Vita haikuondoa wajibu wa kujenga vizuri. Tena mvua haingoji amani. Miji yetu imejaa kwa sababu ya vita hii na zile zilizotangulia tangu miaka ya 1990. Watu walikimbia risasi milimani mwa Masisi au Walungu, wakajenga haraka kwenye miteremko ya mjini. Tusiwaache walioponea risasi wauawe na udongo.

Yale tunayoweza kuanza nayo

Hatutaki kufunga maandishi haya kwa kulaumu Serikali peke yake, ingawa huduma ya mipango ya miji na kadasta wana majibu ya kutoa kuhusu parsele zilizouzwa mahali ambapo mtu asingepaswa kujenga. Makanisa yetu yana viwanja, yana shule, yana vituo vya afya, yana nyumba za wachungaji. Sisi ni wajenzi wakubwa kuliko tunavyofikiri. Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache.

Kila parokia iangalie mapaa yake yote kabla ya msimu ujao wa mvua: maji yanaanguka wapi, na ni nani anayeishi hapo? Kamati ya ujenzi ishuke mpaka kwa jirani wa mwisho aliye chini, imuulize mwenyewe.

Bajeti ya jengo lolote jipya la kanisa iweke mifereji, tangi na mtaro katika sehemu ya kwanza pamoja na msingi, si katika sehemu ya mwisho pamoja na rangi.

Vikundi vya akina mama, ambavyo tayari vina likelemba yao, viisaidie kila familia kwa zamu kupata mbabula bora. Wanajua bei ya makala kuliko mchungaji.

Vijana wapande vetiver, mabingobingo na mianzi kwenye kingo za mitaro, na miti ya matunda kama avoka karibu na nyumba. Mkaratusi una kazi yake, lakini usiwe mti pekee wa mlima.

Washiriki wenye nyumba za kupangisha wakutane na mchungaji wao, wasome pamoja sheria ya 2015, na wajiulize kama garanti wanayodai inaweza kusomwa mbele ya meza ya Bwana.

Na parokia yenye miti kwenye mteremko wake ifikiri mara tatu kabla ya kuigawa na kuiuza kwa parsele.

Neno hili la mwisho linatuhusu. Baada ya mama yule kuja, baraza letu liliacha kupaka rangi ukuta wa nje na kununua mifereji na matangi mawili ya lita 1,000. Vijana walitengeneza ukuta wake, na familia nne tulikubaliana kuchimba mtaro mmoja wa mawe. Yeye anachota maji kwenye tangi la chini. Si kazi kamilifu: mvua kubwa ikinyesha siku mbili mfululizo, matangi hujaa, na mmoja wetu lazima atoke usiku na taa kuangalia mtaro.

Kisha mwaka huu alikuja mtu mwenye pesa nzuri. Anataka sehemu ya miti iliyo chini ya kanisa, ajenge nyumba za kupangisha zenye paneli, matangi na bustani. Ramani yake ni nzuri kweli. Pesa yake ingemaliza paa la hekalu, ambalo mpaka leo linavuja upande wa kwaya. Tulijadiliana jioni tatu. Wengine walisema kwamba nyumba zake zitakuwa bora kuliko zetu, na hawakukosea. Mzee mmoja aliuliza maji ya nyumba hizo yatapita wapi, na hakuna aliyeweza kumjibu kwenye ramani. Baraza limekataa kwa sasa, kwa tofauti ya kura mbili.

Hatujui kama mwaka ujao tutakuwa na nguvu ile ile. Tunawaomba mtuombee, na mtuandikie jinsi parokia zenu zinavyofanya. Jumapili mvua ikinyesha, kwaya yetu inasogea upande wa kushoto na kuendelea kuimba.